Top of the Pops, The Tube au Whistle Test: Uanze na Kipi?

Kwa miaka mitatu hivi niliamini mwimbaji wa Culture Club, bendi ya Kiingereza, ni mwanamke, na sikuwa peke yangu. Tuliokulia Tanzania Bara miaka ya themanini tulikuwa na redio na kanda, basi. Zanzibar walikuwa na televisheni, tena ya rangi, tangu miaka ya sabini. Sisi huku tukasubiri hadi 1994. Kwa hiyo vibao vya Waingereza vilitufikia kwa sikio tu, kwenye kanda zilizorudufiwa mara nyingi mpaka mwimbaji akawa kama anaimba ndani ya mtungi. Nyuso zao tulijitungia wenyewe.

Kisha binamu yangu akarudi likizo kutoka Ulaya na mkanda wa video. Jirani mmoja alikuwa na deki, tukajazana sebuleni kwake, watoto mkekani, wakubwa kwenye makochi. Akatokea mtu mwenye misuko iliyofungwa utepe, kofia kichwani, wanja umekolea. Mama mwenye nyumba akamtazama kwa makini, akauliza, "Kwani bibi harusi wa Kizungu siku hizi anavaa kofia?" Binamu akacheka mpaka akashindwa kutueleza kwamba huyo ndiye Boy George, na kwamba kipindi kile kiliporushwa, Septemba 1982, Waingereza wenyewe walibishana kuhusu jambo hilo hilo.

Mkanda ule ulikuwa wa Top of the Pops, kipindi cha muziki cha televisheni ya Uingereza. Baadaye nikaijua The Tube, baadaye zaidi Whistle Test, navyo vipindi vya muziki vya huko huko, na leo vyote vitatu vinapatikana mtandaoni kwa namna moja au nyingine. Vijana wanaopenda sauti za zamani huniuliza waanze na kipi, nami huwajibu kwa swali: unakuja na macho, au unakuja na masikio?

Anayekuja na macho

Top of the Pops kilianza siku ya mwaka mpya 1964, katika kanisa la zamani huko Manchester lililogeuzwa studio, kikarushwa kila wiki hadi Julai 2006. Miaka ya themanini kilikuwa London, BBC1, Alhamisi jioni, saa ambayo bibi, baba na watoto wote wako sebuleni. Hakikuwa na mhariri mwenye ladha yake. Mhariri ilikuwa chati. Wimbo ukipanda unapata nafasi, ukishuka unaachwa, namba moja inafunga kipindi.

Matokeo yake ni mseto ambao hakuna mtu mwenye akili timamu angeupanga. Krismasi ya 1980, wiki chache baada ya John Lennon kuuawa New York, walioshika namba moja walikuwa kwaya ya watoto wa shule wakimwimbia bibi yao. Februari 1981 Ultravox walikuwa na "Vienna", wimbo mzito kama mazishi ya mfalme, wakakwama namba mbili kwa sababu juu yao aliketi Joe Dolce na kichekesho chake cha lafudhi ya Kiitaliano. Halafu Julai mwaka ule ule, mitaa ya Brixton, London, na Toxteth, Liverpool, ikiwaka moto kwa ghasia, namba moja ikawa "Ghost Town" ya The Specials, vijana weusi na weupe wa Coventry wakiimba kuhusu mji uliokufa. Na ni hapo hapo, katika chumba cha kuvalia cha kipindi hicho, watatu kati yao walitangaza kwamba wanaiacha bendi.

Kwa sababu hiyo nasisitiza: ukichagua Top of the Pops, tazama kipindi kizima, achana na vipande. Ukitazama kipande cha Ultravox peke yake utadhani mwaka 1981 Uingereza ilikuwa nchi ya makoti marefu na ukungu. Ukitazama nusu saa nzima utaona makoti marefu yamebanwa katikati ya mzee anayeimba nyimbo za mapenzi za kizamani na kundi la wacheza dansi waliovaa nguo za kumetameta. Nyimbo mbaya zina kazi yake. Ndizo zinazokuonyesha jinsi zile nzuri zilivyokuwa ngeni siku hiyo.

Sasa, lawama inayojulikana: karibu kila mtu alipiga pleibeki. Kanda inacheza, mwimbaji anachezesha mdomo, mpiga dramu anapiga hewa. Chama cha wanamuziki kilidai wimbo urekodiwe upya kwa ajili ya kipindi, na wanamuziki wengi wa enzi hizo wamekiri kwamba kanda iliyofika studio ilikuwa ile ile ya santuri, imebadilishwa kasha tu. Kwetu huku, ambako bendi isiyoweza kupiga laivu hadi usiku wa manane ingefukuzwa ukumbini, jambo hili lilikuwa aibu tupu. Mimi mwenyewe nilikidharau kipindi kwa sababu hiyo kwa miaka mingi.

Nimebadilika. Msanii ambaye hahangaiki na sauti anabaki na uso, mikono na nguo, na kizazi kile kilijua kuvitumia. Marc Almond wa Soft Cell mwaka 1981, mwembamba, bangili hadi karibu na kiwiko, anaikodolea kamera kama anayeidai. Morrissey wa The Smiths, Novemba 1983, badala ya kushika kipaza sauti anapunga fungu la maua. Kama sauti ni ya kanda, kipaza sauti cha nini? Annie Lennox na nywele zake fupi za rangi ya chungwa. Hawa hawakuwa wakidanganya kwamba wanapiga. Walikuwa wakicheza mchezo wa kuigiza wa dakika tatu, na mamilioni ya watu wakautazama wakiwa wamepakata sahani za chakula.

Waliojaribu kupiga laivu waliadhibiwa. New Order waligoma kupiga pleibeki, wakaicheza "Blue Monday" kwa mashine zao mbele ya kamera mwaka 1983, sauti ikatoka dhaifu na yenye kuyumba, na husimuliwa kwamba wiki iliyofuata wimbo ukashuka. Kuonekana Top of the Pops kwa kawaida kulipandisha wimbo. Wao kukawashusha.

Kuna na mambo madogo ya kuchekesha. Mwaka 1982 Dexys Midnight Runners waliimba wimbo unaomtaja Jackie Wilson, mwimbaji wa Marekani, na ukutani nyuma yao ikawekwa picha kubwa ya Jocky Wilson, Mskoti mnene aliyekuwa bingwa wa vishale. Kwa miaka watu walimcheka mfanyakazi fulani wa BBC aliyedhaniwa kuchanganya majina. Bendi yenyewe ilisema ulikuwa utani wao. Na maputo! Kuanzia mwanzo wa muongo ule mtayarishaji Michael Hurll alikigeuza kipindi kuwa kama sherehe, bendera na maputo kila mahali, vijana wakisukumwa huku na huku ili kamera zipite. Hata wimbo wa huzuni uliimbwa chini ya maputo.

Anayekuja na masikio

Kituo cha televisheni cha Channel 4 kilizaliwa tarehe 2 Novemba 1982, na siku tatu baadaye, Ijumaa saa kumi na moja na nusu jioni, ikaanza The Tube. Haikutoka London. Ilitoka Newcastle, kaskazini mashariki, mkoa wa migodi ya makaa na viwanda vya meli ambao mwaka ule ulikuwa umejaa watu wasio na kazi. Jina lilitokana na njia ya kuingilia studio, yenye umbo la bomba la kioo. Watangazaji wakuu walikuwa Jools Holland, mpiga piano, na Paula Yates, na bendi kubwa ya siku ya kwanza ilikuwa The Jam, waliokuwa wiki chache tu kabla ya kuvunjika.

Tofauti unaisikia ndani ya sekunde kumi. Dramu ni dramu. Mtu akikosea noti, amekosea, imekwenda hewani nchi nzima. Bendi ilipewa nyimbo tatu au nne mfululizo, kwa hiyo unaiona ikianza baridi, inapata moto, jasho linatiririka, mpiga besi anaanza kutabasamu. Mtu aliyezoea kukaa mbele ya jukwaa la Sikinde au Msondo atajiona yuko nyumbani. Hapa hakuna mahali pa kujificha, na kuna wenye majina makubwa waliofika pale ikadhihirika kwamba sauti zao ziliishi studio tu.

Halafu The Tube ilisikiliza kabla ya chati. Hapa niweke mfano mmoja ambao, kwa maoni yangu, unamaliza ubishi wote kati ya vipindi hivi viwili. Mwanzoni mwa 1983 The Tube ilikwenda Liverpool ikawapiga picha vijana wasio na mkataba, Frankie Goes to Hollywood, wakiimba "Relax" katika hali yake ya kwanza, mbichi, ya gitaa na besi. Mtayarishaji Trevor Horn akaiona, akawachukua, akaujenga wimbo upya studio kwa miezi. Mwanzoni mwa Januari 1984 wakaalikwa Top of the Pops na wimbo ukaruka juu ya chati. Siku chache baadaye BBC ikaupiga marufuku kwa sababu ya maneno yake. Marufuku yakafanya kile yanachofanya siku zote: wimbo ukashika namba moja wiki tano. Kila Alhamisi, kipindi kilichojengwa juu ya namba moja kikalazimika kuitaja namba moja kisha kuonyesha kitu kingine. Siku ya Krismasi mwaka ule ule wakaruhusiwa kuimba, kana kwamba hapakuwa na neno. Kimoja kilimgundua msanii, kingine kilimpokea alipofika mlangoni, kikamfungia, kikamfungulia.

Lakini usidhani The Tube ni dhahabu mwanzo hadi mwisho. Ilidumu zaidi ya saa moja kila Ijumaa, na sehemu kubwa ya muda huo ni vichekesho ambavyo leo havichekeshi, mahojiano ambayo mhojiwa na mhojaji wote wanaonekana wametoka baa, na kamera inayomtafuta mtu ambaye ameshaondoka. Na ule ukali wake kuhusu laivu nao ulikuwa na matundu: kipande chake kinachotafutwa sana leo ni Madonna wa Januari 1984, akiwa hajavuma Uingereza, anacheza katika ukumbi wa Hacienda, Manchester. Ni pleibeki kamili.

Mwisho wake ulikuja haraka. Januari 1987 Jools Holland alitoa tusi zito katika tangazo la mubashara, saa ambayo watoto walikuwa wakitazama, akasimamishwa kwa muda. Aprili mwaka huo kipindi kikaisha.

Kile cha tatu

Whistle Test, iliyojulikana kama The Old Grey Whistle Test hadi 1983, ilikuwa BBC2 tangu 1971, usiku, kwa watu wa albamu. Jina ni la masimulizi ya watunzi wa zamani: ukitaka kujua wimbo utauza, wapigie wazee wa mlangoni wenye suti za kijivu, wakiweza kuupiga mluzi baada ya kuusikia mara moja au mbili, umefaulu. Studio tupu, watazamaji hakuna, hakuna maputo. Annie Nightingale, mwanamke wa kwanza kuwa mtangazaji wa Radio 1, redio ya BBC, alikiongoza hadi 1982. Baadaye wakaja Mark Ellen, David Hepworth na Andy Kershaw. Kilizimwa usiku wa mkesha wa mwaka mpya, 31 Desemba 1987.

Nikiwa mkweli, kwa miaka ya themanini hiki ndicho nakitazama kwa nadra. Uzuri wake mkubwa uko miaka ya sabini. Watangazaji ni werevu, lakini wanaongea sana, na kama Kiingereza chako ni cha kubahatisha utachoka mapema. Ukiwa mpiga gitaa, hata hivyo, kamera zake hutulia kwenye vidole vya mpigaji muda mrefu kuliko za vile vingine viwili. Wengine mnaweza kukiruka.

Na Live Aid je?

Kila nikizungumza haya kuna mtu huuliza kuhusu Live Aid, tamasha la kuchangia wenye njaa la tarehe 13 Julai 1985. Si kipindi, ni siku nzima, saa kumi na sita kati ya Wembley na Philadelphia, lakini upande wa BBC ulitangazwa na timu ya Whistle Test, kwa hiyo naliweka hapa. Tena lina uhusiano na sisi kuliko vyote. Chanzo chake kilikuwa taarifa ya habari ya Oktoba 1984 kuhusu njaa ya Korem, Ethiopia. Maneno yalikuwa ya Michael Buerk, mwandishi wa BBC, picha zilikuwa za Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi. Bila kamera ya yule Mkenya, Bob Geldof, mwanamuziki aliyeliandaa tamasha, asingeinuka kwenye kochi lake.

Na aliyeiteka siku ile, kama dakika ishirini tu za jioni, alikuwa mtoto wa Mji Mkongwe: Farrokh Bulsara, aliyezaliwa Unguja 1946, akaondoka na wazazi wake 1964, dunia ikamjua kama Freddie Mercury, mwimbaji wa Queen. Watu husema hakukuwa na Mwafrika kwenye jukwaa la Wembley. Lawama ina haki yake. Lakini mzaliwa wa Unguja alikuwepo, na mwimbaji Sade, mzaliwa wa Ibadan, Nigeria, alikuwepo.

Linganisha sasa. Wembley siku ile hawakuwa na nafasi ya kupima sauti vizuri, na kipaza sauti cha Paul McCartney kilikufa mwanzoni mwa wimbo wake, uwanja mzima ukaimba kumsaidia. Ni ubichi wa The Tube kwa ukubwa wa uwanja wa mpira. Ila usianze nalo. Mtu asiyewajua hawa atachoka kabla ya saa ya tatu. Kuna DVD zake tangu 2004, na zinapunguza mzigo.

Ukinibana

Mtu anayependa mitindo, nywele, vipodozi, au anayetaka kujua Waingereza wa kawaida walikuwa wakila nini na kuimba nini: Top of the Pops, bila kusita. Maongezi ni machache, hivyo Kiingereza si kikwazo. Ni kifupi, hakimalizi bando. Ukiwa na watoto nyumbani watakaa nawe, hasa ukianza na Oktoba 1982, pale Musical Youth, watoto weusi wa Birmingham, walipokuwa namba moja. Wanangu walitaka kujua kwa nini hawako shuleni.

Mwanamuziki, au mtu anayekereka na pleibeki kiasi cha kuzima televisheni: The Tube, na uende kwa bendi, usihangaike na kipindi kizima. Hapa kanuni yangu inageuka kichwa chini. Kile cha chati kitazame chote. Hiki chagua vipande.

Upatikanaji nao unaamua. BBC Four walianza kurudia Top of the Pops mwaka 2011, wakianzia vipindi vya 1976 na kusonga mwaka hadi mwaka, kwa hiyo nakala safi zipo na mashabiki wamezisambaza sana. Huduma ya BBC yenyewe haifunguki nje ya Uingereza. Utaona mapengo. Vipindi vilivyoongozwa na Jimmy Savile havirushwi tena, kwa kuwa baada ya kifo chake ilifichuka kwamba alikuwa mnyanyasaji wa watoto kwa miongo mingi, na alikuwa mtangazaji wa kipindi hiki tangu siku ya kwanza. Ukikutana naye katika nakala ya zamani, ruka. The Tube utaipata zaidi vipande vipande, vingi vyake vimenakiliwa kutoka mikanda ya nyumbani, na ubora wake utakukumbusha deki ya jirani.

Mimi ningeanza jioni ya kwanza na Top of the Pops mbili za 1982 au 1983, kisha bendi moja ya The Tube niliyoiona kwenye hizo mbili, nisikie kama inaweza kupiga kweli. Halafu, kabla ya kulala, ningetafuta bendi ya All About Eve ya mwaka 1988. Walialikwa Top of the Pops waimbe "Martha's Harbour" kwa pleibeki, mubashara. Kanda ikaanza, ikasikika kwa watazamaji nyumbani. Studioni wao hawakusikia kitu. Ubeti wa kwanza unapita, sauti yake nzuri inaimba, na mwimbaji wao, Julianne Regan, ameketi kimya, mdomo umefungwa, macho chini, akisubiri wimbo ambao tayari unaendelea. Wiki iliyofuata wakarudishwa. Safari hii waliimba laivu.